Waliochimba chini ya msikiti

*Historia ya miji ya Waswahili imeandikwa upya, kwa sehemu kubwa, na watu ambao walipoianza kazi hiyo walikuwa bado wanafunzi. Safari zao zinaonyesha jinsi mtafiti anavyofundwa, wakati vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vikibishana juu ya kasi na ubora wa shahada za uzamivu.*

SHANGA ni magofu. Yapo upande wa kusini wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu, na wenyeji waliuhama mji huo zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Zimebaki kuta za matumbawe, yamebaki makaburi, na katikati yake umebaki msikiti wa Ijumaa usio na paa.

Kati ya mwaka 1980 na 1988 timu ya Mark Horton ilichimba hapo. Horton alipoanza alikuwa kijana anayesomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Chini ya sakafu ya msikiti wa mawe walikuta mabaki ya jengo jingine la ibada, na chini ya hilo jingine tena. Wakaendelea kushuka tabaka baada ya tabaka, mpaka mawe yakaisha kabisa, ukabaki mchanga wenye madoa meusi ya mviringo.

Asiyejua angepitisha mwiko na kuyafuta. Doa la namna hiyo ni tundu la nguzo: mti ulichimbiwa ardhini, ukaoza, kisha udongo wa rangi nyingine ukajaa mahali pake. Mchimbaji huyapima madoa moja moja, akayahamishia kwenye karatasi ya miraba, na taratibu umbo la nyumba linajitokeza. Madoa ya Shanga yalitoa jengo dogo la miti, limeelekezwa upande wa kibla. Umri wake: karne ya 8.

Watu wa kijiji kile walipikia vyungu vilivyofinyangwa pwani hiyo hiyo, waliishi katika nyumba za miti na udongo, na tayari miongoni mwao walikuwamo waliosali. Mji wa mawe ulikuja karne kadhaa baadaye, juu ya kijiji hicho hicho. Hapakuonekana dalili ya wageni walioshuka jahazini na kuanzisha mji kamili mahali pasipokuwa na watu.

Leo habari hizi zimo vitabuni. Mwaka 1980 hazikuwamo. Walioziingiza ni kundi la wanafunzi waliotawanyika Cambridge, Los Angeles, Uppsala na Pennsylvania, wengi wao Wakenya na Watanzania, kila mmoja na shimo lake na msimamizi wake.

Hapo ndipo penye swali ambalo makamu wakuu wa vyuo, wizara na mamlaka za elimu ya juu wanalikunia vichwa. Mtu aliyetumia miaka kumi na sita kujibu mitihani ya walimu wake, anageuka vipi kuwa mtu wa kuwafundisha walimu hao jambo wasilolijua?

Hadithi iliyowatangulia

Kila mtafiti hukuta hadithi imekaa tayari. Pwani ya Afrika Mashariki, hadithi hiyo ilikuwa ya Washirazi.

Tarihi ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliitumia katika karne ya 16 na ambayo pia ipo kwa Kiarabu, inasimulia mwana wa mfalme wa Shiraz aliyevuka bahari na jamaa zake, akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo. Wazee wengi wa pwani wanaijua hata kama hawajapata kuisoma.

Wasomi wa kikoloni waliipokea wakaiongezea yao. Walipoiona misikiti ya mawe, kauri za China na sarafu zenye majina ya masultani, walikata shauri kwamba miji hiyo ni kazi ya wageni kutoka Ghuba. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974 katika juzuu mbili, alikuwa mchimbaji makini ambaye kazi yake inategemewa mpaka leo. Lakini macho yake, kama ya wenzake wa wakati ule, yalivutwa zaidi na mawe, sarafu na bidhaa za ng'ambo. Vyungu vya kienyeji, vilivyojaa kwenye kila shimo, vilipewa nafasi ndogo katika kueleza asili ya miji.

Mjadala huu haukuwa wa wasomi peke yao. Serikali za kikoloni ziliwagawa watu wa pwani katika mafungu ya wenyeji na wasio wenyeji, na fungu la mtu lilimpa haki au lilimnyima. Jibu la nani aliyejenga Kilwa, Manda au Gede liliingia moja kwa moja katika swali la nani ana haki ya kuiita pwani kwao.

Ushahidi ambao chuo hakikuutambua

Kabla ya kizazi cha wachimbaji kulikuwa na kizazi cha masimulizi, nacho kiliwafungulia wenzao njia.

Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem huko Siaya, aliyefariki Januari 2025, alipokwenda London kusomea uzamivu chini ya Roland Oliver alitaka kuandika historia ya Wajaluo wa kusini kabla ya wakoloni. Hati zilizoandikwa hazikuwapo. Kwa wanahistoria wengi wa wakati ule, hilo lilitosha kufunga mjadala: pasipo hati hakuna historia. Ogot akarudi nyumbani kuwasikiliza wazee.

Kusikiliza huko kulikuwa na kanuni zake. Alikusanya nasaba za ukoo baada ya ukoo, akahesabu vizazi, akazilinganisha. Simulizi ya ukoo mmoja kuhusu vita fulani inapata uzito pale ambapo ukoo ulioshindwa nao unaikumbuka kwa namna yake. Kutokana na ulinganishaji wa aina hiyo alijenga mfuatano wa uhamaji na makazi unaorudi nyuma hadi karne ya 16. Kitabu kilichozaliwa na tasnifu yake kilitoka mwaka 1967. Mwaka huo huo Isaria Kimambo alimaliza uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kuhusu historia ya siasa ya Wapare, naye akitegemea masimulizi ya watu wa kwao. Kimambo alikuja kuwa nguzo ya idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ogot na Kimambo walitafuta majibu, lakini ilibidi kwanza wavishawishi vyuo vyao kwamba neno la mzee linaweza kupimwa kama hati inavyopimwa.

Hili ni jambo ambalo mitaala mingi ya mbinu za utafiti hulipita mbio. Mwanafunzi hufundishwa orodha ya mbinu zilizokwisha kukubalika, akachague mojawapo. Ogot hakupata ya kuchagua. Alilazimika kuonyesha, hatua kwa hatua, kwa nini mbinu yake iaminike na wapi isiaminike, na kazi hiyo ya kujieleza ndiyo iliyomkomaza.

Huko Buhaya, mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanafunzi mwingine wa Northwestern aliipeleka hoja hiyo hadi chini ya ardhi. Peter Schmidt, Mmarekani, aliwasikiliza wazee wa Katuruka, karibu na Ziwa Viktoria, wakimsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na wafua chuma wake. Walimwonyesha mahali ambapo kazi ya chuma ilifanyika. Alipochimba hapo alikuta mabaki ya uhunzi, na vipimo vya kaboni vikayarudisha nyuma hadi katikati ya milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Miaka iliyofuata mafundi wazee wa Kihaya walijenga tena tanuru na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Tafsiri ya Schmidt kuhusu umahiri wa tanuru hizo imebishiwa na wataalamu wa madini, naye akajibu. Pamoja na ubishi huo, hakuna tena anayeweza kuandika historia ya chuma ya Afrika akairuka Buhaya.

Wazee wale hawakuwa na shahada, na majina yao hayako kwenye jalada la tasnifu. Katika kila hali, hata hivyo, walikuwa wasimamizi wa utafiti ule.

Chale shingoni mwa chungu

Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia, Schmidt akiwa miongoni mwa waasisi. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka kujifunza kuchimba kwa utaratibu wa kitaaluma alikuwa hana budi kwenda ng'ambo. Felix Chami alitoka katika mazingira hayo: shahada ya kwanza Dar es Salaam, ya umahiri katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, mwaka 1988, na uzamivu Uppsala, Sweden, mwaka 1994.

Tasnifu yake ilihusu pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Alichokiweka katikati ya hoja ni kile ambacho wengi waliotangulia walikipa kisogo: vigae, yaani vipande vya vyungu vya kupikia.

Kazi yenyewe haina mvuto kwa mtazamaji. Udongo unachekechwa, vigae vinaokotwa na kutiwa mfukoni, na juu ya mfuko panaandikwa shimo, kina na tarehe. Mfuko uliopoteza lebo umepoteza kila kitu. Kigae kisichojulikana kilitoka tabaka gani ni taka tu. Kisha vinaoshwa kwa brashi laini na kuanikwa kivulini. Wino mwembamba unaandika namba upande wa ndani, usiguse nakshi. Ndipo vinatandazwa mezani: midomo huku, shingo huku, matumbo kule. Mwanafunzi anakaa navyo siku nyingi. Anageuza kimoja mpaka mwanga uanguke upande, ili chale alizozichora mfinyanzi zitoe kivuli: mistari iliyokatana ikafanya pembetatu, moja baada ya nyingine, kuizunguka shingo.

Vyungu vya chale za pembetatu vilikwisha kuonekana na watafiti kadhaa kabla ya Chami. Alichokifanya yeye ni kuvifuata hadi bara. Alivikuta mbali na ufukwe, katika vijiji vya wakulima na wafua chuma nyuma ya Bagamoyo, maeneo kama Kiwangwa na Masuguru. Akavilinganisha na vyungu vya zamani zaidi, vya karne za mwanzo baada ya Kristo, vinavyoitwa vya Kwale kwa sababu vilitambuliwa kwanza eneo la Kwale nchini Kenya, na ambavyo wanaakiolojia huvihusisha na wakulima wasemao lugha za Kibantu. Akaonyesha jinsi aina moja inavyoifuata nyingine, umbo kwa umbo na nakshi kwa nakshi.

Hoja ikawa hii: vyungu vilivyo chini kabisa ya miji ya pwani, vile ambavyo vinakutwa pamoja na bidhaa za kwanza za Ghuba, ni vya ukoo mmoja na vyungu vya wakulima wa bara. Walioanzisha vijiji vilivyokuja kuwa miji walikuwa wenyeji.

Hoja hiyo ilisimama juu ya mambo ambayo kila mchimbaji angeweza kuyaona kabla yake, kama angeyapanga mezani na kuuliza yametoka wapi. Shahada ya uzamivu ni miaka ambayo mtu anaruhusiwa kukaa na vitu hivyo.

Ubishi ulio na faida

Kilichofuata hakikuwa makofi.

Horton, akitumia ushahidi wa Shanga, aliviita vyungu hivyo mapokeo ya Tana, akipendekeza kwamba wafugaji wasemao lugha za Kikushi walikuwa na mchango katika asili yake. James de Vere Allen, ambaye kitabu chake kuhusu asili ya Waswahili kilitoka mwaka 1993, naye aliwapa wafugaji wa kaskazini nafasi kubwa. Chami alikataa jina na akakataa maana yake, akaviita kwa nakshi zake ili jina lisimpe mtu wala mto mmoja hakimiliki. George Abungu, Mkenya aliyesomea uzamivu Cambridge, alikuwa amechunguza makazi ya kale ya kandokando ya mto Tana. Henry Mutoro, aliyemaliza Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1987, alikuwa amechimba kaya za Wamijikenda nyuma ya pwani ya Kenya. Chapurukha Kusimba, aliyemaliza Bryn Mawr mwaka 1993, aliingia na historia ya uhunzi wa pwani.

Kila mmoja alikuwa na kipande, na hakuna kipande kilichokaa sawa na cha mwenzake. Wengine wao walikuja kukutana katika mradi mkubwa uliogharimiwa na Sweden kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya Paul Sinclair, uliowaunganisha watafiti wa asili ya miji kutoka Somalia hadi Msumbiji na Madagaska. Wanafunzi wa mradi huo walikwenda Uppsala kwa vipindi, wakarudi kuchimba kwao, wakaenda tena. Abdurahman Juma wa Zanzibar, aliyechimba Unguja Ukuu, alitoka na tasnifu yake hapo hapo Uppsala mwaka 2004.

Ni rahisi kuuona ubishi huo kama vita vya majina, na waliokuwamo walikwaruzana kweli. Ila jambo moja linaonekana wazi kwa anayezisoma kazi zao kwa mfuatano: kila mmoja aliandika kwa uangalifu zaidi kwa sababu alijua nani atamsoma. Mtafiti mchanga asiye na wa kumbishia hukosa sababu ya kukagua tabaka lake mara ya pili.

Haraka ya vyeti

Hapa ndipo habari ya vigae inapokutana na habari za magazeti ya miaka hii.

Vyuo vikuu vimeongezeka Afrika Mashariki kwa kasi ambayo idadi ya wahadhiri wenye uzamivu haikuweza kuifuata. Nchini Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa viwango mwaka 2014 vilivyotaka wahadhiri wawe na shahada hiyo, na tarehe ya mwisho ikawekwa 2018. Wanaotetea hatua hiyo wana hoja nzito. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anastahili kufundishwa na mtu aliyewahi kufanya utafiti, na nchi haiwezi kungoja robo karne kumpata.

Kisha ikaja Juni 2019. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilitunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja. Tume ikaanzisha uchunguzi, chuo kikasimama kutetea taratibu zake, na kwa majuma kadhaa Wakenya wakajadili magazetini jambo ambalo kwa kawaida hubaki kwenye vikao vya seneti: nani aliwasimamia watu hao wote, na kila mmoja alileta jambo gani jipya?

Tanzania imechukua njia ya mkopo. Mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, uliogharimiwa na Benki ya Dunia kwa Dola milioni 425 kuanzia 2021, unajenga majengo na maabara, na pia unawapeleka wahadhiri masomoni.

Upande wa pili wa mjadala una msemaji anayejulikana. Profesa Mahmood Mamdani, aliyefundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, alirudi Makerere mwaka 2010 kuiongoza Taasisi ya Utafiti wa Jamii. Alichokilalamikia kwa sauti ni kazi za ushauri elekezi. Mashirika huja na swali lao, hulipa vizuri, na mhadhiri huenda kukusanya data za kulijibu. Kwa maoni ya Mamdani, chuo kilichozoea hivyo kinapoteza uwezo wa kuzalisha watafiti, maana kiini cha utafiti ni kuunda swali lenyewe, na kuunda swali kunahitaji kujua kwa kina yale yaliyokwisha kuandikwa.

Mshauri elekezi hulipwa kujibu swali la mteja. Mtafiti hana budi kulitunga la kwake.

Mwaka 2012 taasisi yake ilianzisha programu ya miaka mitano, yenye masomo ya darasani na usomaji mzito kabla ya mwanafunzi kuruhusiwa kuandika andiko lake la utafiti. Ilikuwa kinyume cha mtindo wa Kiingereza uliorithiwa na vyuo vingi vya kanda hii, ambao humpokea mwanafunzi, humkabidhi kwa msimamizi, kisha humngoja na tasnifu.

Wakosoaji wanauliza nani ana miaka mitano. Mwanafunzi wa uzamivu wa Nairobi au Dodoma mara nyingi ni mtu mzima, ana ajira, ana familia, na ada anajilipia mwenyewe. Anasoma usiku. Kwake mpango wa kukaa maktaba mwaka mzima akisoma nadharia ni anasa, na hoja hiyo haiwezi kupuuzwa na mtu anayelipwa na chuo.

Lakini gharama ya haraka nayo inaonekana. Anayepitia rafu za tasnifu katika maktaba nyingi za kanda hii atakuta sura tano zile zile: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, hitimisho. Ndani yake kuna dodoso lenye maswali ya kukubali au kutokubali kwa viwango vitano, majedwali ya asilimia, na mapendekezo kwamba serikali iongeze bajeti. Muundo huo hauna kosa. Kosa linaingia pale ambapo swali limechaguliwa kwa sababu linaingia kwenye dodoso, na dodoso limechaguliwa kwa sababu linakamilika katika likizo moja. Mwanafunzi wa namna hiyo amejifunza kujaza fomu. Hakupewa nafasi ya kushangazwa na alichokikuta.

Lawama isimwangukie peke yake. Msimamizi wake huenda ana wanafunzi wengi kupita uwezo, na baadhi yao hukutana naye koridoni tu. Vibali navyo vina foleni yake: Tanzania utafiti hupitia tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, na anayetaka kuchimba mambo ya kale anahitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 1964; Kenya mlango ni tume kama hiyo, NACOSTI. Kuna pia maduka ya steshenari na vijana wenye kompyuta wanaoandika sura kwa malipo, biashara ambayo sasa inashindana na programu za akili unde.

Zipo njia zilizojaribiwa za kupunguza upweke huo. Kituo cha wadudu cha icipe, Nairobi, kilianzisha mwaka 1983 programu inayowapokea wanafunzi waliosajiliwa katika vyuo vya nchi mbalimbali za Afrika, wafanyie utafiti kwenye maabara zake, chini ya msimamizi wa chuoni na wa kituoni kwa pamoja. Mwaka 2008 ukazaliwa muungano wa CARTA, unaoongozwa na kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Wahadhiri wanaosomea uzamivu hukutanishwa kwa kundi katika semina nne, kuanzia siku za kutafuta swali hadi siku za kuandika. Wanasomeana rasimu. Wanaulizana maswali ambayo msimamizi mmoja mwenye shughuli nyingi hakupata wasaa wa kuyauliza.

Mifupa iliyoleta habari nyingine

Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zaidi katika miji ya pwani, ikiwamo Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara, kati ya takriban mwaka 1250 na 1800. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo alikuwa Kusimba, yule mwanafunzi wa uhunzi wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyekuwa amechimba Mtwapa kwa miaka mingi.

Matokeo hayakuipendelea kambi yoyote. Kwa wengi wa watu hao, sehemu kubwa ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika na ilipitia zaidi kwa mama. Upande wa baba, wengi walikuwa na asili ya Asia, na hasa ya Uajemi. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Hadithi ya Washirazi, iliyokuwa imeanza kuonwa kama mapambo ya masultani wapenda ukuu, ikapata ushahidi ambao hakuna kigae kingeweza kuutoa.

Je, Chami na Horton walikosea? Tarehe zenyewe zinajibu. Msikiti wa miti wa Shanga ni wa karne ya 8, na vijiji vya chale za pembetatu vilianza kabla ya wazazi hao kukutana. Wenyeji walikuwapo na vijiji vyao, na biashara yao, na baadhi yao na sala yao. Wageni wakaja, wakaoa, wakazaa. Ila wale waliotumia kazi ya vigae kufuta kabisa habari ya Waajemi sasa wana jambo la kueleza.

Maabara iliyosoma vinasaba hivyo ipo Harvard. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuchimba kaburi, kuuchora mkao wa mfupa na kuujua ukoo wa eneo, kisha sampuli ikapanda ndege. Hapa wale wanaodai maabara na wale wanaodai muda wa kusoma wana haki sawa, na bajeti za vyuo hazijawatosheleza wote wawili.

Lipo pia jambo la nani aliyezikwa pale. Makaburi mengi yaliyochunguzwa yapo jirani na misikiti ya mawe, mahali walipolazwa wenye vyeo na mali, na watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba watu hao huenda hawawakilishi wakazi wote. Aliyelala kwenye nyumba ya udongo na makuti hayumo. Jeffrey Fleisher, katika uzamivu wake wa Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 2003, alikwisha kuonyesha njia ya kumfikia. Alizunguka mashamba ya kaskazini mwa Pemba akichimba vishimo vidogo kwa mistari iliyopimwa, mahali pasipo na ukuta hata mmoja unaoonekana, na akakuta vijiji vingi vya kale ambavyo watu wake walivihama kadiri mji wa Chwaka ulivyokua. Kwa nini walihama, kwa hiari au kwa kulazimishwa, vigae havikusema.

Vijiji hivyo vina makaburi yake pia. Atakayeyatafuta ataanza na barua ya kibali, mazungumzo na wazee wenye mashamba, na msimamizi atakayesoma kila ukurasa.